Mashindano ya Ngoma za Usukuma na Kasha la Chama

Kila mwaka, mvua zinapokatika na pamba ikaanza kupasuka mashambani, vijiji vya Usukuma huingia katika majira mawili kwa wakati mmoja. Majira ya kwanza ni ya soko. Mizani hutolewa ghalani na kuhakikiwa, vitabu vya stakabadhi hufunguliwa, na wakulima huanza kuleta mizigo yao kwenye magulio. Majira ya pili ni ya ngoma. Jioni husikika mlio wa ngoma kubwa ukijaribiwa, vijana hukutana kufanya mazoezi, na mafundi cherehani huwa na kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Tangu mwezi wa Juni hata Agosti, na pengine Septemba, vikundi vya kijiji kimoja hupambana na vya kijiji kingine mbele ya umati wa watu, kila kikundi kimevaa mavazi yake na kimebeba vituko vyake.

Mkaguzi afikapo chamani baada ya msimu hukuta majira hayo mawili yamekutana ndani ya daftari moja la fedha. Hiyo ndiyo sababu ya makala hii. Makarani na wajumbe wa Bodi walio vijana, pamoja na maofisa waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, huuliza mara kwa mara ngoma hizi ni nini hasa, na kwa nini zigharimu fedha nyingi namna hiyo. Wazee wa Usukuma wataniwia radhi nikieleza mambo wanayoyajua tangu utoto wao.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba vikundi vya ngoma, viwe vingi kiasi gani, hugawanyika katika pande mbili tu: Bagika na Bagalu. Masimulizi ya wazee husema kwamba katika karne ya 19 walikuwako waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alijigamba kwamba dawa zake zashinda za mwenzake. Shauri lao likakatwa kwa kucheza ngoma mbele ya watu: atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa kali zaidi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo mtu anayetaka kucheza huingia upande mmoja, hupewa dawa za upande huo, ziitwazo samba, na huwahesabu wenzake wa upande huo kuwa ndugu zake hata wakikaa kijiji cha mbali.

Isidhaniwe kwamba Bagika wana ngoma moja na Bagalu wana nyingine. Chini ya kila upande zimo ngoma za aina nyingi. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Ilitoka katika vikundi vya kulima kwa pamoja, na mchezaji wake hurusha jembe la chuma hewani, likazunguka, naye akalidaka bila kupoteza mdundo. Bununguli ni ngoma ya wawindaji wa nungu, watu wenye moyo wa kuingia shimoni kumfuata mnyama huyo mahali alipo. Bagoyangi ni waganga wa sumu ya nyoka, na uwanjani huja na chatu mzima mzima. Iko pia wigashe, ambayo jina lake lina maana ya kuketi, kwa kuwa waimbaji wake hukaa chini kwa safu badala ya kusimama.

Sasa tufike uwanjani. Mgeni aliyezoea mpira wa miguu hutafuta mwamuzi, wala hamwoni. Vikundi viwili vinavyoshindana havichezi kwa zamu. Vyote viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, vimeachana kwa nafasi ya kutosha tu ili ngoma za huku zisizimwe na za kule. Mtazamaji ni huru. Akipendezwa na Bagalu husimama kwa Bagalu; akichoka, au akisikia kicheko kikubwa kutoka upande wa pili, huondoka akavuka uwanja. Kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho kilichoshinda, na jambo hilo huonekana kwa macho na kila mtu, hata na walioshindwa. Hakuna alama zinazoandikwa, hakuna rufani. Watazamaji ndio wapiga kura, na kura yao huipiga kwa miguu. Mashindano mengine yanayoandaliwa na ofisi au wafadhili huweka waamuzi na zawadi, lakini wazee niliozungumza nao huyaona hayo kama maonyesho, si mashindano.

Kwa desturi hiyo, kikundi chaweza kuwa kinashinda asubuhi na kikabaki na mbwa wawili adhuhuri. Ndipo tunapoelewa maana ya mavazi na vituko. Mavazi ya zamani yalikuwa ngozi, shanga, manyoya ya ndege na njuga za miguuni. Njuga zingalipo, lakini sasa kikundi hushona sare ya kitambaa cha rangi moja, wakaongeza kofia, filimbi na miwani ya jua. Rangi hufichwa mpaka siku yenyewe, na fundi cherehani huapishwa asiseme. Pamoja na sare huja vituko: sanamu za mbao, nyingine zenye mikono inayosogea kwa kuvutwa kamba, wanyama hai, watu waliojivika kama mabwana wakubwa, waganga au wazee vikongwe. Kituko kilichochekesha mwaka jana hakichekeshi mwaka huu, kwa hiyo lazima kitafutwe kipya.

Juu ya hayo yote yuko manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi. Yeye ndiye mtungaji na kiongozi wa nyimbo, na kazi yake huanza miezi mingi kabla ya mashindano. Nyimbo zake huwatukana wapinzani kwa mafumbo, husifu wafuasi wake, na hutangaza habari za nchi: bei ya pamba, mvua iliyochelewa, mizani inayopunja. Mkaguzi mwenye busara hukaa karibu na manju na kusikiliza. Mimi mwenyewe mara mbili nimepata mwanzo wa hoja ya ukaguzi katika wimbo wa ngoma, na mara zote mbili wimbo ulikuwa na hesabu sahihi kuliko leja.

Sifa za ngoma zatosha hapo, nasi tuje kwenye gharama. Mpira wa miguu una wachezaji 11 na dakika 90, kwa hiyo gharama yake ina mpaka. Ngoma ya Bagika na Bagalu haina mpaka. Kwa kuwa mshindi ni yule anayevuta watu, na watu huvutwa na jambo jipya, kila upande hulazimika kuongeza juu ya kile alichoongeza mwenzake. Upande mmoja ukishona sare moja, wa pili utashona mbili na kubadilisha mchana. Mmoja akikodi lori la kuleta wachezaji, mwingine atakodi malori mawili ayajaze na watazamaji wake mwenyewe. Zaidi ya hayo kuna dawa ya kuvuta watu, ambayo wenyewe huithamini kuliko sare, nayo ni matumizi yasiyokuwa na stakabadhi.

Ushindani wa namna hii haukuanza Usukuma wala haukuishia huku. Katika mwambao, huko Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890 kulikuwa na ngoma ya beni, ambayo vyama vyake vilivaa sare za kijeshi, vikapiga tarumbeta na kupeana vyeo vikubwa vikubwa. Pande mbili za beni, Marini na Arinoti, zilienea mpaka bara ya Tanganyika, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, zikichukuliwa na askari na wachukuzi. Mtaalamu wa historia Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotolewa mwaka 1975. Vyama vya beni vilizika wanachama wao na kuwapokea wageni mjini, mambo mema kabisa; lakini pia vilishindana kwa karamu, na anayeshindana kwa karamu humaliza ng'ombe wake kabla ya kummaliza mpinzani.

Wazee wetu wa Usukuma walikuwa na dawa ya tatizo hilo, nayo haikuwa samba. Kikundi cha ngoma kilikuwa pia kikundi cha kulima. Mwenye shamba kubwa aliyetaka kulimiwa aliwaita vijana. Walikuja na ngoma yao, wakalima kwa mdundo tangu alfajiri, na malipo yao yalikuwa mbuzi, ng'ombe au fedha, kwa kadiri ya kazi. Malipo hayo hayakugawanywa ovyo. Sehemu yaliliwa kwa pamoja, na sehemu yaliwekwa kwa ajili ya ngoma mpya, njuga na safari za mashindano. Kwa hiyo kikundi kilitumia kile kilichokwisha kulimwa, basi. Kijana aliyekosa kulima bila udhuru hakuvaa njuga msimu huo. Nimekwisha kuona vyama vya msingi ambavyo masharti yao yameandikwa vizuri na kupigwa mhuri, lakini hayafuatwi kwa uaminifu kama sharti hilo lisiloandikwa.

Uhusiano wa ngoma na ushirika nao ni wa siku nyingi. Shirikisho la vyama vikuu vya ushirika wa pamba katika nchi ya Ziwa, lililoongozwa na Paul Bomani, liliandikishwa mwaka 1955, na katika miaka ile manju waliimba juu ya pamba, mizani na umoja wa wakulima kama walivyoimba juu ya wapinzani wao wa ngoma. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Vikundi vya ngoma havikuvunjwa na mtu yeyote, na vijana wa kijiji kimoja waliendelea kukutana na wa kijiji cha pili kila baada ya mavuno.

Hata dini ilipata nafasi yake. Huko Bujora, Kisesa, si mbali na mji wa Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeitwa na wenyeji Fumbuka, alizipokea ngoma badala ya kuzifukuza. Maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa Kisukuma huitwa Bulabo, yaani maua, yakafuatwa na mashindano ya Bagika na Bagalu, na desturi hiyo ikashika mizizi. Mwaka 1968 ikaanzishwa pale makumbusho ya Wasukuma. Asiyewahi kuona mashindano haya na aende Bujora wakati wa Bulabo, mwezi wa Mei au Juni kulingana na tarehe ya Pasaka ya mwaka huo. Atakula vumbi, lakini hatajuta.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, kilikuwa na Mwenyekiti wa upande wa Bagalu, mtu hodari na mpendwa wa watu. Mwezi wa Julai, soko likiwa limechanganya, kikundi cha Bagalu cha kijiji hicho kilipata mwaliko wa mashindano makubwa. Mwenyekiti akamwambia Meneja atoe fedha. Nilipofika kukagua nilikuta hati za malipo tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kitambaa na ushonaji, ya pili ya kukodi lori, na ya tatu iliandikwa "maandalizi mengineyo", bila maelezo. Jumla yake ilikuwa Sh. 940,000/=. Zote zilikuwa zimeingizwa katika kifungu cha elimu ya wanachama.

Nilipouliza "maandalizi mengineyo" ni yapi, Meneja alitazama dirishani. Mwenyekiti hakuficha. Alisema, "Bwana Mkaguzi, wewe ni mtu wa nchi hii, unajua. Mganga hatoi stakabadhi. Tena kijiji kizima kilipata sifa, au wahenga hawakusema mcheza kwao hutuzwa?"

Ni kweli walisema. Lakini hawakusema atuzwe kwa kifungu gani cha makisio.

Hasara ya fedha haikuwa kubwa kuliko yote. Karibu nusu ya wanachama wa chama kile ni Bagika. Sare zile za Bagalu zilipoonekana uwanjani, habari ya mahali ilipotoka fedha ilienea kabla jua halijatua. Manju wa Bagika alitunga wimbo usiku uleule. Juma lililofuata mikokoteni ya Bagika ilipita mbele ya ghala la chama bila kusimama, ikaenda kuuza pamba kwenye gulio la chama jirani. Ushuru wa chama, ambao hutokana na kila kilo inayopimwa, ukapungua kwa kiasi kilichozidi mara kadhaa zile Sh. 940,000/=. Pia mtu aliyezoea gulio la jirani harudi upesi.

Mkutano Mkuu uliitishwa, nami niliombwa kueleza hoja yangu. Nilieleza kwamba chama hakikatazwi kusaidia michezo na utamaduni. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyokubaliwa na vyama vya ushirika vya dunia huko Manchester mwaka 1995, ni kuijali jamii, na ngoma ni jamii yenyewe. Kosa halikuwa kuchangia ngoma. Fedha zilitolewa bila makisio, bila azimio, kwa upande mmoja, na kwa kifungu kisichohusika. Wengi waliitikia kwa vichwa, wengine walinong'ona. Ndipo akasimama mzee mmoja, aliyekuwa manju wa Bagalu zamani za ujana wake, akaomba kusema.

Alisema, "Wanangu, sisi tulipokuwa tukicheza, kama tungesikia kwamba Bagika wamevaa nguo ya kununuliwa na watu wengine, tungewashinda kwa wimbo huo mmoja tu. Tungewaambia, njuga zenu zalia deni. Sasa leo wimbo huo tumeimbiwa sisi. Mimi siwezi kuujibu." Akaketi. Katika miaka yangu ya ukaguzi sijapata kusikia hoja ya ukaguzi iliyoelezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Mkutano uliamua Mwenyekiti na Meneja warudishe fedha kwa makato ya posho na mshahara, na jambo hilo lilitimizwa katika misimu miwili. Kwa miaka iliyofuata walipitisha utaratibu ambao naueleza hapa kwa sababu vyama vingine vimeniuliza.

Mchango wa ngoma huwekwa katika makisio, katika kifungu chake chenyewe, na hujadiliwa katika Mkutano Mkuu unaofanyika kabla ya soko kufunguliwa. Wakati huo kasha halina kitu, na mtu mwenye kasha tupu hufikiri vizuri. Kiasi ni kimoja kwa Bagika na Bagalu, hata kama upande mmoja una wachezaji wengi zaidi. Hulipwa kwa kiongozi na mtunza fedha wa kikundi, wote wawili watie sahihi, na hutolewa kwa vitu vyenye stakabadhi: kitambaa, usafiri, ngozi ya kuwambia ngoma. Habari ya dawa chama hakiiulizi wala hakiilipii. Kila upande ujitegemee kwa waganga wake. Mwaliko ukija katikati ya soko, hata ukiwa mkubwa namna gani, jibu la Meneja ni kwamba kifungu kimekwisha. Wala haruhusiwi kutoa masurufu kwa ahadi kwamba kikundi kitarudisha kwa zawadi kikishinda, maana katika mashindano yasiyo na mwamuzi mara nyingi zawadi ni sifa tu. Fedha za mnunuzi zinazopitia mikononi mwa chama ndizo za kuogopwa kabisa. Hizo si za chama hata kwa saa moja.

Wapo wajumbe walioona kwamba kiasi sawa kwa pande zote mbili ni kuongeza moto wa mashindano kwa fedha za wanachama. Nadhani wana haki kidogo. Lakini nilivyoona mimi, mchango mdogo unaojulikana na wote umepunguza maneno, na vikundi vyote viwili vimerudia kulima mashamba ya watu ili kupata kinachopungua. Msimu uliopita niliwakuta Bagalu wakilima kwa ngoma katika shamba la Meneja mwenyewe. Niliomba kuona malipo yametoka mfukoni mwake. Yalikuwa yametoka mfukoni mwake.

Limebaki swali moja ambalo Meneja huyo aliniletea kwa simu mwezi wa Agosti. Bagika wa kijiji walikuwa wameshinda katika mashindano yaliyokuwa na mfadhili, wakapewa ng'ombe dume. Mjumbe mmoja wa Bodi, wa upande wa Bagalu, alidai kwamba kwa kuwa chama kilichangia sare, ng'ombe aingizwe katika daftari la mali za chama. Nilijibu kwamba mchango si mtaji wala si hisa. Chama kilichotoa mchango kwa azimio la Mkutano Mkuu hakidai faida, isipokuwa azimio lenyewe limesema hivyo, na la kwao halikusema. Ng'ombe ni mali ya kikundi. Nilimwagiza Meneja aandike jibu hilo katika muhtasari wa kikao cha Bodi ili lisirudi tena mwakani. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema ataliandika, ila ng'ombe alikwisha kuchinjwa jana yake, na Bagalu nao walialikwa wakala, pamoja na mjumbe yule.